Mateke Mia Nne na Sita

Kata ya Ndwanga ilikuwa na ng'ombe mia mbili na kumi na mmoja. Katika miaka kumi na tisa niliyokuwa tabibu pale, kwa mujibu wa rejista zangu mwenyewe, ng'ombe hao waliwapiga wanawake mateke mia nne na sita. Hawakumpiga mwanamume hata mmoja, ingawa katika milima ile wanaume ndio wanaokamua.

Hakuna mtu wa wilayani aliyewahi kuniuliza. Takwimu zikikaa kwenye mistari iliyonyooka, watu huziamini.

Mgonjwa wa nne Jumanne ile alikuwa Sekela, mke wa Ambakisye Mwakitalima wa mtaa wa juu, kwenye mashamba ya chai. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Ijumaa. Alikuja na mama mkwe wake, Bibi Subilaga, kama desturi ya Ndwanga inavyotaka: mke akiumia, mama wa mume humsindikiza kituoni, humshikia mtoto, na mara nyingi yeye ndiye anayeeleza kilichotokea.

"Ugonile, daktari," Bibi alinisalimia kwa lugha ya kwao. Wote walituita madaktari, hata sisi matabibu.

"Ndaga, Bibi. Karibuni. Nani anaumwa?"

"Huyu. Ni ng'ombe."

Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Sekela alikuwa bado mlangoni, mkono mmoja ukishika ubavu, mwingine ukikung'uta maji kwenye khanga.

"Si ng'ombe," alisema.

Hakuinua sauti. Nesi Bupe, aliyekuwa akihesabu sindano kwenye trei, aliacha kuhesabu. Maneno yale mawili sikuwa nimeyasikia katika chumba kile kwa miaka kumi na tisa, na ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilichohisi ni uchovu, kama mtu aliyeshusha mzigo akaambiwa kuna mwingine.

Bibi Subilaga alimtazama mkwe wake kitambo. Kisha akamkaza mjukuu aliyekuwa mgongoni kwake.

"Nitakaa nje," alisema. "Mtoto anasikia baridi humu."

Nje kulikuwa na baridi zaidi.

Tulimlaza Sekela juu ya Msomaji. Mashine ile ilikuwa na miezi mitano tu kituoni: ubao mpana kama mlango, una joto kidogo, na taa ya samawati inayopita chini ya mgonjwa kutoka kisigino hadi utosini. Ilisoma damu iliyovilia chini ya ngozi na nyufa za mifupa, hata zilizoungana zamani, ikataja tarehe ya kila jeraha na chanzo chake. Chanzo ndicho kilichokuwa na maana. Mahakama zilikuwa zimeacha kuwasikiliza matabibu katika kesi za majumbani, kwa sababu ilijulikana kwamba matabibu tunaandika tunachoombwa. Zilimsikiliza Msomaji.

Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu. Mbavu mbili za kushoto. Mkono wa kulia, mfupa wa upande wa kidole kidogo, umepasuka katikati. Mfupa ule hupasuka mtu anapoinua mkono kujikinga uso.

Taa ilizimika. Sauti ya Msomaji ilikuwa ya mwanamke wa pwani, mwenye Kiswahili cha kunyoosha.

"Teke la ng'ombe," ilisema. "Uhakika, asilimia tisini na saba."

Sekela alicheka, kisha akashika ubavu kwa maumivu.

"Ng'ombe yupi? Wa mwisho tulimuuza mwezi wa nne."

"Huyu mama wa pwani," alisema Bupe akiitazama spika, "ng'ombe amemwona kwenye katuni."

"Rudia," niliiambia mashine.

Ilirudia. Tisini na saba.

Sekela alikaa polepole, miguu ikining'inia. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita. Aliniambia kwa utulivu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njiani, kwamba kesi yake ilikuwa Alhamisi. Hakutaka mumewe afungwe. Alitaka hati ya kuondoka, yeye na watoto wake wawili, aende kwa dada yake Chunya. Bila usomaji wa mashine unaosema ni mkono wa mtu, watoto wangebaki kwa ukoo uliotoa ng'ombe wa mahari, na yeye asingekubali kuwaacha, kwa hiyo angerudi.

"Na nikirudi, daktari, mwaka huu siumalizi. Ameniambia mwenyewe. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakunywa chai."

"Alhamisi hii?"

"Hii. Nimekuja kwa sababu watu wanasema mashine haidanganyi."

Bupe alinitazama. Nami nikajifanya natafuta plasta.

*

Sipendi kujitetea, lakini mambo yaeleweke kwa utaratibu wake.

Nilipofika Ndwanga, Sheria ya Siku Saba ilikuwa mpya. Tabibu akiandika "mkono wa mtu" mbele ya jina la mgonjwa, ndani ya saa moja mgambo wa kata humtoa mume nyumbani na kumweka mbali kwa siku saba. Ilikuwa sheria nzuri kwenye karatasi. Waliotunga walifikiri siku saba zinatosha hasira kupoa. Hawakufikiria siku ya nane.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa namna ile aliitwa Ikupa. Niliandika "mkono wa mtu" kwa wino mweusi, nikajivuna. Mume alitolewa. Siku ya nane alirudi. Siku ya tisa Ikupa aliletwa kituoni ndani ya blanketi, na hakuna nilichoweza kumfanyia ila kuandika saa.

Baada ya Ikupa ndipo ng'ombe walipoanza kupiga mateke.

Ndivyo nilivyokuwa nikijieleza: wanawake waliniomba, nami nikawaheshimu. Nilifunga mbavu zao, nikawapa dawa, nikawauliza kama wana pa kulala, nikaandika ng'ombe. Wengine walirudi mara tatu, mara nne. Hakuna aliyeletwa tena ndani ya blanketi. Hesabu hiyo niliishika moyoni kama mtu anavyoshika risiti.

Nakumbuka pia kwamba wiki ya kwanza ya ng'ombe nililetewa paja la nyama. Aliyelituma alikuwa Mzee Mwakitalima, mzee wa kanisa, kunishukuru kwa kumtibu mkewe. Nilikuwa mgeni na sikuwa na jiko zuri. Nililila kwa siku nne.

Miaka ikapita. Wilaya ikaamua kila kituo kipate Msomaji wake, na kila Msomaji ajifunze kwa watu wa mahali pake, maana mifupa ya wapasua mawe si sawa na ya wachuma chai. Walihitaji kumbukumbu za nyuma. Vituo vingi havikuwa nazo, au zililiwa na panya. Za kwangu zilikuwa kamili: picha za mionzi, vipimo, tarehe, sababu, zote kwa mwandiko mmoja. Nilizipanga mwenyewe jioni sita mfululizo. Walinipa cheti. Kilikuwa ukutani juu ya kichwa cha Sekela wakati mashine ikitamka asilimia tisini na saba.

Kama ningekuwa mtu mchafu wa kumbukumbu, mashine ingekuwa na shaka.

*

Nilimpigia Mwalimu Mwanaisha wilayani. Kazi yake ilikuwa kufundisha mashine, na watu wa kazi hiyo waliitwa walimu kama wale wa shule. Bupe alikuwa akimfunga Sekela mkono chumba cha pili.

"Tabibu Kihwele!" alisema kwa furaha. "Mwenye rejista za dhahabu. Msomaji wako mzima?"

"Mzima sana. Nataka kujua anavyotambua teke la ng'ombe."

"Kwako? Hilo ndilo analolijua kuliko yote. Vituo vingine vina asilimia sitini."

"Amejifunza vibaya."

"Vibaya namna gani?"

"Yale si mateke."

"Mangapi si mateke?"

Nilitazama mvua dirishani.

"Tabibu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "unajua kwamba simu hizi zinarekodiwa."

"Najua."

"Na leseni yako je?"

"Bado miaka miwili nistaafu. Niambie cha kufanya kabla ya Alhamisi."

Nilisikia akivuta kiti. Alikuwa mtu mwema, akanieleza polepole. Kuzibadilisha rekodi zote haiwezekani, na ingekuwa hatari: kila rekodi ikibadilishwa, ujumbe huenda kwa mgonjwa na kwa mkuu wa kaya yake. Wanaume mia na kitu wangesoma usiku mmoja kile ambacho wake zao walikificha kwa miaka. Nilimwambia hilo hapana. Akasema vizuri, kuna njia nyingine. Mashine haipimi visa vyote kwa uzito mmoja. Inachagua kimoja kilicho wazi kuliko vyote, picha nzuri, vipimo kamili, kisha inalinganisha vingine na hicho. Wao hukiita kisa cha msingi.

"Ukikibadilisha hicho kimoja, teke la ng'ombe linakosa pa kuegemea. Visa vingine havifunguliwi, hakuna anayetumiwa ujumbe. Ila Msomaji akiulizwa atasema hajui. Na Msomaji akisema hajui, sheria inamruhusu hakimu amwite tabibu aseme kwa mdomo wake."

"Na hicho kimoja ujumbe wake utakwenda?"

"Kwa kaya hiyo moja, ndiyo. Ndani ya saa moja." Alitafuta kitu. "Kinabadilishwa kwa dole gumba la mgonjwa. Au kwa mamlaka ya tabibu, bila mgonjwa kuwepo. Unabonyeza mara mbili tu. Nakutumia namba."

Namba ilikuja kwenye kioo cha Msomaji. Kisa cha kwanza kabisa cha ng'ombe katika rejista zangu, mwaka ule wa kwanza, mwezi wa sita. Kwenye mashine kilikuwa na namba ya kaya tu, bila jina. Majina yalibaki kwenye vitabu vya karatasi, kabatini.

Nilikitoa kitabu. Kilinuka ukungu. Nikapitisha kidole kwenye mistari.

Subilaga, mke wa Mwakitalima.

Nikafunga kitabu, nikakifungua tena. Nje, benchini, nilimsikia akimwimbia mjukuu.

*

"Bonyeza," alisema Bupe.

Alikuwa ameingia na kufunga mlango kwa kisigino. Nilikuwa nimemweleza kwa maneno machache. Kwenye kioo palikuwa na maandishi mekundu: KWA MAMLAKA YA TABIBU.

"Ni siri yake, Bupe. Aliniomba niifiche."

"Mumewe amekufa mwaka wa sita huu. Anamficha nani, mchwa?"

"Anaishi kwa mwanawe. Ujumbe utamfikia Ambakisye, ndiye mkuu wa kaya. Yule bwana anamsifu baba yake hata akinunua chumvi. Halafu leo hii ajue kwamba mama yake ndiye aliyemfungulia Sekela mlango?"

"Kwa hiyo bibi asiaibike, huyu mwingine afe."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, ila kidole chako ndicho kinachosema. Tazama kilipo."

Kidole changu kilikuwa juu ya meza, mbali na kioo. Bupe alikuwa na miaka hamsini na nne, amefiwa na waume wawili na alikuwa mjuzi wa watu. Alivuta kiti akakaa, jambo asilolifanya kazini.

"Kihwele, mimi na wewe tumezeeka humu. Sikulaumu kwa ng'ombe. Na mimi nilikuwa naona, na nilikuwa nakuletea wino. Lakini ulivunja kiapo mara mia nne na sita kwa huruma. Mara moja zaidi kwa huruma hiyohiyo, tatizo liko wapi?"

Nilichokuwa nacho kichwani ni hiki: nikibonyeza, nitakuwa nimemfanyia Bibi Subilaga jambo lilelile alilofanyiwa na wengine maisha yake yote, kuamuliwa mambo ya mwili wake akiwa nje ya chumba. Na nisipobonyeza, naye akakataa, Sekela atarudi mtaa wa juu Alhamisi jioni. Niliyaweka mawili haya kwenye mizani kwa muda mrefu. Hayakulingana, wala hakuna lililoshinda.

"Nitamwuliza," nilisema.

"Akikataa?"

"Sijui."

"Basi umekuwa kama mashine mpya," alisema Bupe, akainuka.

Nilichukua kitabu kwapani. Mlangoni niligeuka.

"Sekela asirudi kule leo, kwa vyovyote."

"Analala kwangu na watoto. Yule mkubwa nimeshatuma mtu amfuate shuleni. Ulifikiri nakungoja wewe?"

*

Bibi Subilaga alikuwa amemfunika mjukuu kwa nusu ya shuka lake. Nilikaa mwisho wa benchi, kitabu magotini. Bati lilikuwa linavuja katikati yetu.

"Mashine imesemaje?" aliuliza.

"Imesema ng'ombe."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia.

"Bibi, mashine imejifunza kwangu. Na mimi nilianzia kwako." Nikamweleza yote kwa utaratibu: kisa cha msingi, dole gumba, ujumbe utakaokwenda kwa Ambakisye. Nilimwambia pia kuhusu ile njia nyingine ya kubonyeza mara mbili. Sikutaka afikiri kwamba nilikuwa sina. "Najua uliniomba nifiche. Nimeficha miaka kumi na tisa. Leo naomba uniruhusu nisifiche."

Alimtazama kuku aliyejibanza chini ya toroli la wagonjwa.

"Nilikuomba?" alisema.

"Ndiyo, Bibi. Siku ile."

"Nilikuomba kwa maneno gani?"

Nilifungua kinywa, nikagundua sikuwa nayo maneno hayo.

"Fungua kitabu chako," alisema. "Wewe si huandika kila kitu?"

Nilifungua. Katika rejista zangu kulikuwa na safu mbili, moja ya maelezo ya mgonjwa, nyingine ya sababu. Katika visa vyote vilivyofuata, safu ya maelezo ilikuwa imejazwa: ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe wa jirani, ng'ombe. Kwenye mstari wa Subilaga safu hiyo ilikuwa tupu. Nilikuwa nimepitisha kistari kifupi, kama ninavyofanya mgonjwa asipozungumza. Sababu: teke la ng'ombe.

"Mimi nilinyamaza," alisema Bibi. "Nilikuja hapa nikiwa nimeamua. Njia nzima nilikuwa nasema, nikifika nitamwambia yule mgeni. Nikakaa kwenye kile kiti. Ukanitazama mkono, ukanitazama mbavu. Ukaenda ukafunga dirisha. Ukarudi ukaniambia, 'Ni ng'ombe, sivyo, mama?' Kwa sauti ya upole. Nikaona, kumbe hata huyu anaogopa."

Maji yalidondoka kati yetu.

"Nilitoka nikawaambia wenzangu kwenye chai. Daktari mpya ana dawa ya siku saba, nikasema. Ukifika sema ng'ombe, hatauliza. Tukacheka. Tulikuwa tunacheka sana siku zile."

Nilitaka kusema kuhusu Ikupa na blanketi. Nikaona hilo lilikuwa langu, halikuwa lake.

"Na Mwakitalima," aliendelea, "alipopata habari kwamba ni ng'ombe, akafurahi. Tulikuwa na mmoja tu, anaitwa Mpole. Alitoa lita tisa kwa siku. Hajawahi kuinua mguu hata kwa nzi. Mume wangu akawaita majirani, akamchinja mbele yao. Akasema ng'ombe anayempiga mke wangu hakai kwangu. Wanawake wenzangu wakaniambia, Subilaga, mume anayekupenda ndiyo huyu." Alimsogeza mtoto begani. "Paja moja alikutumia wewe."

"Nakumbuka."

"Lilikuwaje?"

Mtu akiuliza swali kama hilo kwa sauti ya kawaida, hakuna jibu la adabu.

"Lilikuwa na mafuta," nilisema. "Niliona lilikuwa zuri."

"Mimi walinipa ini. Kwa heshima."

Mjukuu alikohoa, akalala tena. Bibi alimfuta pua kwa ncha ya shuka.

"Niambie ulichokiona siku ile," alisema.

"Bibi?"

"Kwenye mwili wangu. Unataka dole gumba langu, sawa. Kwanza useme. Hakuna mtu aliyewahi kulisema, hata mimi. Mwakitalima amezikwa na kwaya tatu, na halijasemwa."

Nilitazama vipimo vyangu, ingawa sikuvihitaji. Nikasema kama ninavyosoma ripoti, kwa kuwa sikujua namna nyingine.

"Mbavu tatu za kulia zilikuwa zimevunjika. Mfupa wa mkono wa kushoto, upande wa kidole kidogo, ulikuwa umepasuka, kwa sababu uliuinua kujikinga. Sikio la kushoto lilikuwa na damu. Juu ya kiwiko kulikuwa na alama nne upande mmoja, na moja upande wa pili. Zilikuwa za vidole. Mtu alikushika kwa mkono mmoja asikuachie, akakupiga kwa mwingine. Ng'ombe hana vidole. Niliona, mama. Niliona tangu ulipokaa."

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza aliyafumbua.

"Zilikuwa nne," alisema. "Hata mimi nilizihesabu."

Kisha akainuka na mjukuu wake, akaingia ndani mbele yangu.

*

Alikiweka kidole gumba kwenye kioo bila kuketi. Maandishi yakabadilika. Nilimwomba Sekela alale tena juu ya ubao, na taa ikapita chini yake, kisigino hadi utosini, polepole kuliko mwanzo.

"Chanzo hakijulikani," ilisema ile sauti ya pwani. "Mwulize tabibu."

Bupe alishusha pumzi. Sekela aliangalia dari, akaniangalia mimi, kisha akamwangalia mama mkwe wake aliyekuwa amesimama dirishani akifunga shuka kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Mama," alisema Sekela. "Umefanya nini?"

"Nimetia sahihi. Lala, usijitikise mbavu." Akamkabidhi Bupe mtoto. "Daktari, huo ujumbe unafika saa ngapi?"

"Ndani ya saa moja. Umeshatoka."

"Mpaka kwetu kwa miguu ni dakika arobaini. Basi niwahi. Nataka nimwambie mwenyewe kabla simu haijamwambia."

"Nitakusindikiza," nilisema.

"Unisindikize uende ukaseme nini? Ng'ombe?" Hakusema kwa ubaya. "Mwanangu hajawahi kunigusa."

"Na akianza leo?"

Alifikiri kuhusu hilo kwa uaminifu, nililiona usoni pake. Hakuwa mtu wa kujifariji.

"Mgambo wa kata anakaa nyumba ya pili. Nitapita kwake kwanza, akae barazani kwetu anywe chai. Akianza, nitakuja hapa, nawe utaniuliza, na mimi nitajibu." Alivaa kofia yake ya sufu. "Amefanana na baba yake kwa sauti tu, nilikuwa najiambia. Sikuzote nilikuwa namsindikiza Sekela hapa, nikisema lile neno kabla hajafungua mdomo. Nilidhani namsaidia. Wewe je, ulidhani unanisaidia?"

"Ndiyo."

"Haya."

Alifika mlangoni, akasimama. Mvua ilikuwa imepungua na kubaki ukungu, na chai ya mtaa wa juu haikuonekana.

"Alhamisi utakwenda kusema mahakamani?"

"Nitakwenda."

"Watakufukuza kazi."

"Nadhani hivyo. Si siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo una siku chache." Alikitazama kitabu kilichokuwa bado wazi juu ya meza, mstari wake juu kabisa. "Mimi nimetoka humo. Imebaki mistari mia nne na tano. Wengi wa wenye mistari hiyo wako kwenye chai, na wengine hawataki, na usiwalazimishe. Lakini uwaulize, mmoja mmoja. Na safari hii unyamaze kwanza."

Alitoka. Nilimtazama mpaka ukungu ukamchukua, mwanamke mfupi mwenye haraka. Kisha nilivuta kiti, nikachukua kalamu, na kwenye safu ya maelezo ya mgonjwa, juu ya kile kistari changu kifupi, nikaandika alichoniambia, neno kwa neno, kadiri nilivyokumbuka. Nafasi haikutosha. Niliendelea pembeni.